Kaseti ya Rukia na Amplifaya ya Matundu Mawili

Jumatatu, 4 Agosti
Viazi karai vimekwisha kabla ya adhuhuri. Kama kawaida. Malindi hii wapishi ni wengi, mkono ni huu wangu.

Fundi Kazungu kanirudishia amplifaya ya marehemu Baba Rukia, imo kikapuni. Kasema haifufuki, hata vipuri vyake havipatikani tena. Nimelia kidogo. Spika zipo, masanduku ya mvule, marehemu aliyaunda kwa mikono yake. Deki ya kaseti ipo. Lakini bila amplifaya vyote hivyo ni malazi ya paka.

Na Jumamosi wakwe waja kumposa Rukia wangu. Rukia ni muuguzi, yuko Mtwapa. Nataka wasikie ile kaseti: Rukia wa miaka saba, siku ya wazazi shuleni, anaghani shairi. Sauti imenyooka kama uzi wa cherehani. Wajue wanachukua nini.

Jumanne, 5 Agosti
Duka la kwanza. Amplifaya inawaka taa kama nyumba ya harusi. Muuzaji kaifungulia, kifua kikanitetema. Nimeipenda! Jirani yangu Mwanahamisi na wufa lake, hilo spika lingurumalo, wangehama mtaa.

Nikamwonyesha waya wa deki, una vichwa viwili, chekundu na cheupe. Nyuma hakuna pa kuuchomeka.

"Mama, hii ni bluutuuthi tu. Unacheza kwa simu."

"Mwanangu, kaseti yangu haina simu."

Duka zima likacheka. Nami nikacheka. Yenye matundu ipo, mpya, bei yake ni ya mbuzi pamoja na mchungaji wake. Nimerudi mikono mitupu.

Jumatano, 6 Agosti
Rukia kapiga simu. Nikamweleza mpango wangu. Kanijibu: "Mama, usininadi kama samaki. Jumamosi niache niseme mwenyewe."

Nimekata simu. Samaki! Mimi niliyesimama juani mbele ya karai miaka yote ile ili asome.

Nimeumia. Basi nitanunua, na spika nitaziweka barazani. Mtaa mzima usikie.

Alhamisi, 7 Agosti
Kazungu kanipeleka kwa mwenzake auzaye vyombo vilivyotumika. Amplifaya nyeusi, nzito, taa moja tu. Kaigeuza: matundu hayo, jekundu na jeupe. Nambari za nyuma ya spika zetu alikwisha zisoma nyumbani, kasema zitaelewana.

"Kelele haina nyingi, mama. Lakini haifichi kitu."

Pesa za viazi zimetosha. Nimeipakata kwenye tuktuk njia nzima, kama nilivyompakata Rukia kutoka hospitali.

Ijumaa, 8 Agosti
Kazungu kaunganisha nyaya akaenda zake msikitini. Nimebaki peke yangu. Nikatia kaseti.

Zamani tukiisikiliza, kila mara nilipiga vigelegele upya. Baba Rukia akicheka mpaka kuegemea ukuta. Leo sina wa kupigia. Nikanyamaza, nikasikiliza.

Mtoto anaanza, ubeti wa kwanza. Mara vigelegele. Sauti yangu! "Huyooo! Wangu huyo!" Ubeti wa pili, wangu huyo. Wa tatu sikuusikia kabisa. Kisha karibu sana, maana yeye ndiye aliyeshika rekoda, sauti ya Baba Rukia, ya chini, kama yu hapa chumbani:

"Mama Rukia, ngoja basi. Mtoto asikike."

Nimeirudisha mara tatu. Shairi lenyewe silijui linaishaje. Miaka yote nikilisifu.

Jumamosi, 9 Agosti
Wakwe wamekuja. Wanawake wanne, wamevaa wakapendeza. Biriani imewanyamazisha, hiyo nitajisifu.

Spika sikuzitoa barazani. Amplifaya sikuiwasha.

Mama mkwe kauliza, "Na wewe Rukia, wasemaje?" Mdomo wangu ulishafunguka. Nikaufunga. Rukia akanitazama, akangoja.

Akasema mwenyewe, polepole, mpaka mwisho. Nimesikia kila neno. Sauti imenyooka vilevile.

Chai yangu ilipoa mkononi.