Mate ndani ya uji wa muzee

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, magaribi.

Wewe Kavira, Beni imekumeza mpaka umesahau baba yako hapa Butembo? Tangu agonjwe, maji yanamupalia, donc namupikia uji muzito. Leo bakuli ilipofika katikati, uji ukawa maji! Akapaliwa mpaka macho yakamutoka. Nikamutukana bure mama anayetuuzia unga.

Kumbe shangazi yako, ndiye anamulisha, anaonja kila kijiko aone kama kiko moto, anakirudisha mule mule ndani ya bakuli. Nikatemea uji kidogo kwa sahani, nikangoja. Ukayeyuka. Mate!

“Wifi, utamuua kaka yako na mapendo!”

Akalia. Nikamukumbatia, mais bado nimekasirika. Na akipaliwa mimi niko sokoni?

Ukikuja, leta vijiko viwili: kimoja cha baba yako, kingine cha shangazi, maana kuacha kuonja hataweza.