Mapigo Mia na Arobaini

Mdogo wangu mpenzi, kitindamimba wetu,

Pokea salamu za dada yako, na zake shemeji umfikishie. Hujambo? Miguu bado inavimba jioni? Mimi mwili ni mzima, ila tangu jana moyo hautulii. Aliyekuletea barua hii ni mkunga mwenzangu wodini, yule tunayemwita Tarumbeta, kwa kuwa akiita mgonjwa hata walio getini huitika. Mpe kiti, mpe maji ya kunywa, na usimwache aondoke kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Najua unashangaa kwamba zama hizi za simu dada anaandika barua. Tena jana ulinipigia mara nne, sikupokea. Usinune. Nipe nafasi nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitashindwa.

Jana Jumanne tulipotoka kazini, Tarumbeta alinialika chakula kwenye mgahawa ulio jirani na kwangu. Unaufahamu, ule wa meza sita, ambao mwenyewe hupika huku akigombana na sufuria zake. Katikati ya wiki hauna watu. Walikuwapo fundi viatu na mkewe, na mzee mmoja na gazeti lake. Nilichagua kiti cha ukutani, kama ilivyo kawaida yangu siku hizi, ili nimwone mwenzangu mdomo. Nikamwomba mwenye mgahawa apunguze redio, nikasingizia kichwa. Akanijibu kwamba redio yake ni mbovu tangu Ijumaa. Tukacheka, ila kicheko cha Tarumbeta kiliisha kabla ya changu.

Supu ilipokuja nilikuwa nikimsimulia habari zako: kwamba umebakiza wiki tano, kwamba kliniki umezigomea na hutaki kuguswa na mkunga mwingine isipokuwa mimi. Sikatai, nilikuwa najisifu. Mara nikaona fundi viatu amegeuka kunitazama. Mkewe naye. Mzee akashusha gazeti. Nikadhani nimejimwagia supu, nikajifuta kifuani. Tarumbeta akachomoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye karatasi ya kufutia mikono, akanisukumia. Aliandika kwamba simu imelia mara nne mkobani mwangu, na mkoba wenyewe unaning'inia kwenye kiti nilichokalia.

Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia ni miezi saba sasa. Sikio la kushoto lilitangulia, nikasema ni nta. La kulia likafuata, nikaanza kusoma midomo ya watu. Kilichobaki ni mvumo tu, mchana kutwa, na huo ndio niliodhani ni redio. Akauliza wodini nawasikilizaje watoto tumboni. Nikamjibu kwamba wodini ipo mashine, namba naisoma kwenye kioo. Hapo akaweka kijiko chini, akataka kujua ni nani niliyempima kwa kipembe cha mbao, kile cha kuegemeza tumboni na kusikiliza mapigo, kwa sikio langu mwenyewe. Nikasukuma bakuli la supu kando, maana ni mtu mmoja tu.

Mdogo wangu, Jumapili ile ulipolala kitandani kwangu, ukaniuliza mtoto anaendeleaje, nilikwambia moyo wake unakwenda mbio kama farasi. Nikaandika kwenye kadi mapigo mia na arobaini. Sikusikia kitu. Nilihamisha kipembe kushoto, nikakihamisha kulia, nikaambulia mvumo wangu mwenyewe. Ulikuwa unanitazama kwa imani, nikaona aibu, nikaandika namba ya watoto wazima. Mtoto alinipiga teke kiganjani, hilo ni kweli, na ndilo nililolishikilia wiki tatu hizi. Lakini teke la siku ile si habari ya leo. Kila siku nawaambia akina mama kwamba mficha uchi hazai, kumbe mwenyewe nimejifunika gubigubi.

Tarumbeta alitaka akupime kwanza ndipo usome. Nilimwomba akuache usome, kwa kuwa nakujua, bila neno langu ungemfungia mlango. Basi neno langu ndilo hili. Kipembe chake kimo kwenye mfuko wake wa kijani. Lala hapo hapo kwenye kochi, barua utaikunja baadaye. Akikwambia twende hospitali, nendeni, usiseme unamngoja dada. Namba atakayoisikia aiandike kwenye kadi baada ya kuikata ile yangu, kisha anitumie kwa ujumbe wa maandishi.

Mimi naelekea kwa msimamizi wa wodi kumweleza yote kwa kinywa changu, na simu nitakuwa nimeishika mkononi, nimeiweka itetemeke. Kunisamehe si lazima iwe leo. Wasalimie wote hapo nyumbani, na huyo wa tumboni umwambie mama yake mkubwa anamngoja.

Ni mimi,
Dada yako