Jeneza Lililoombewa Siku

Mpendwa Bi Rania wa safu ya ushauri, shikamoo. Nakusihi barua hii isionwe na mtu mwingine kabla Alhamisi haijapita, kwani mimi ni karani wa mahakama, nina miezi minne tu kazini, na ndimi ninayepiga chapa hukumu kabla jaji hajazisoma.

Hapa Mikindani msikiti wetu na kanisa la jirani wanapinga hukumu ya kifo bila hotuba wala bango: mtu akihukumiwa kunyongwa, Waislamu hulibeba jeneza la msikiti likiwa tupu hadi mlangoni pa kanisa, Wakristo wakalipokea na kulirudisha, na hata wapita njia hukimbilia kutia bega hatua chache kama mazishini, nami tangu nilipoliona najiuliza mbona kitu kitupu kinaonekana kizito vile.

Ijumaa mjomba wangu Faki, muosha maiti na mtunza jeneza, alinitania, "Mwanangu, wewe uliye jikoni mwa sheria, jeneza nilioshe lini?" nami nikajibu, "Alhamisi," kabla sijatambua kwamba nimeshatoboa hukumu.

Kesi ya Alhamisi ni ya Karisa, mwana wa Mama Margaret anayekaanga viazi mkabala na msikiti, ambaye keshamtandikia mwanawe kitanda, na mjomba huliosha jeneza na kulianika uani siku moja kabla ya kubebwa, kwa hiyo Jumatano mama ataliona na hakuna aliyekufa, naye atajua ni la nani. Nikimzuia mjomba nitakuwa nimethibitisha, nikinyamaza je? Na karani aruhusiwa kutia bega?

Usinipigie, simu yangu hushikwa na dada. Jibu liache kwa Jalila mshonaji, kwenye bahasha ya kaki, useme ni vipimo vya buibui.

*(Jibu lilipelekwa kwa mkono Jumatatu. Tunachapisha sasa kwa ruhusa ya mwandishi, majina tumebadilisha.)*

Karani, vipimo vyako hivi hapa. Pole, na aibu pia.

Jeneza lile ni zito kwa sababu kila anayetia bega anajiuliza lingekuwa lake. Wewe umeshataja ni la nani, uzito wote ukamtwika mama mmoja.

Leo, kabla ya Alasiri, nenda kwa mjomba wako. Usikane, usithibitishe. Sema: "Mjomba, nilikosa kutaja siku. Jeneza lisiguswe mpaka jaji asome mbele ya watu." Atakuelewa. Muosha maiti hasimulii alichokiona kwenye mwili wa mtu. Nawe kwenye karatasi zako ni vivyo hivyo, ila hukufunzwa. Kama keshamwambia mtu wa pili, wahi kwa mkuu wako ukakiri kwa kinywa chako, hata kama kazi itakwenda.

Kutia bega? La. Huwezi kuichapa hukumu kisha ukaandamana kuipinga. Dhamiri ikikushinda, acha kazi kwanza, kisha kabebe.

Tena mwombe mjomba atafute wanawake wawili, wa msikiti na wa kanisa, wakae na Mama Margaret mahakamani. Wasiambiwe lolote, mama mwenye mwana kizimbani hahitaji sababu ya kukaliwa karibu. Safari hii mabega yatangulie, jeneza lifuate.