Mbwa Uliyempa Jina la Ngamia

Baba,

Ngamia yu hai. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuniuliza kama mimi ni mzima. Anakula, tumbo lake limetulia, na lile jicho la kushoto lililokuwa likitoa machozi limepona. Mama naye hajambo. Bado yumo edani, kwa hiyo hatoki, na wageni husema naye kutoka nyuma ya pazia la ukumbini. Mimi nimehamia chumba cha mbele ili nimsikie akiita.

Lakini baada ya kukuzika, mbwa wako alikaribia kupelekwa bara akaachwe huko porini. Hilo ndilo lililonikalisha niandike. Nataka ujue lilikujaje na liliishaje, na sitaki ulisikie kwa mwingine, ikiwa huko kuna wa kukusimulia.

Nimekuwa nikimtazama sana siku hizi na kukumbuka siku uliyomchagua. Tulikuwa Kismayu. Wewe ulikwenda kununua misumari na mimi jino lilikuwa likiniuma. Ulikuwa umeshasema mwaka mzima kwamba banda lako la kuundia vyombo vya bahari linahitaji mbwa mkubwa, kwa sababu mabaharia wa vyombo vinavyotia nanga kisiwani kwetu Koyama walikuwa wakishuka na kuondoka na tezo zako za kuchongea mbao. Mtu akakwambia kuna ofisa Mzungu anarudi kwao na mpishi wake, mtu wa Lamu, ameachiwa mbwa. Tukaenda. Tukawakuta watatu ndani ya kikapu kimoja, weusi, kila mmoja na madoa mawili ya kahawia juu ya macho kama nyusi. Mpishi akasema hao wanaitwa teria, mbwa wa kukaa mapajani mwa bibi mwenye nyumba.

Wa kwanza alikuwa mnene, akajificha nyuma ya gunia la mchele. Wa pili alibweka tangu tulipoingia mpaka tulipotoka. Wa tatu alikuja mwenyewe, akanusa ukanda wa kubadhi lako, akapiga chafya, kisha akakaa juu ya mguu wako kama aliyefika kwake. Hukumchukua hapo hapo. Ulimkagua kama unavyokagua mti wa taruma, ubavu wa chombo. Uliinama ukaufuata mgongo wake kwa jicho, toka shingo hadi mkia, uone kama umenyooka. Ulimfanya aende na kurudi uone kama anachechemea. Ulitazama macho kama yana tongo, ukanusa masikio. Ndipo ukasema, "Huyu hana kasoro. Akikua atafaa."

Mpishi akasema, "Mzee, huyu ndiye huyu. Haongezeki."

Nawe ukamjibu, "Hata jahazi huanza kwa mkuku, mti mmoja tu wa chini."

Yule mtu alicheka hata akaweka mwiko chini. "Huu si mkuku, Mzee. Hili ndilo jahazi lenyewe."

Hukumsadiki. Mchunga mifugo angemfungua kinywa akaona meno ya mbwa mzima, lakini wewe ulikuwa fundi wa vyombo, na mbao haziulizwi umri kwa meno. Ukamwita Ngamia ili alifuate jina lake. Tuliposhuka Koyama, Ami Lali, ndugu yako, alikuwa ufukoni. Alimtazama, akakutazama, akasema, "Kaka, ulikwenda kutafuta mbwa au umeokota panya mwenye mkufu?" Tangu siku hiyo wanawake kisimani wakawa wananiuliza, "Ngamia wenu keshanywa? Kisima kimebaki na maji?"

Ulichora mstari wa makaa kwenye nguzo ya banda, sawa na mabega yake. Kila mwezi mwandamo ulimsimamisha pale ukachora tena. Mstari haukupanda, ulinenepa tu. Ukaona labda ni chakula, ukampa papa mkavu, na kijiko cha sifa kila asubuhi, yale yale mafuta ya papa unayopaka vyombo. Ulisema kama yanahifadhi mbao yatajenga mfupa. Mbwa akatapika akalala ubavu, ulimi umekauka kwa chumvi. Hapo ndipo ulipomtumia mpishi salamu kwa nahodha mmoja, na jibu likarudi kwa mdomo wa nahodha huyo huyo: apewe kidogo kidogo, asubuhi na jioni, samaki mbichi wa kuchemsha, mwiba usionekane hata mmoja, chumvi asiionje, na upepo wa kusi asipigwe nao kwa kuwa hana nyama ya kumtia joto. Mwisho wa maneno, alisema nahodha, mpishi ameuliza kama mkuku umeanza kupanda.

Alipopona ulimsimamisha tena kwenye nguzo. Ukatazama ule mstari mnene. Ukatupa kaa. Ukasema, "Basi, amekwisha," kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiisema chombo kikiwa tayari kuingia majini.

Nilijifunza kumtunza kwa kukutazama wewe. Samaki changu wa kuchemsha, akapondwa pamoja na wali. Kucha zake ulizisugua kwa tupa ndogo, maana mchanga wetu ni laini na haukuzila. Funza uliwatoa kwa mwiba wa mdimu, ukapaka mafuta ya nazi katikati ya vidole. Mchana wa jua kali ulimfungia bandani kwa sababu mchanga ulimchoma nyayo, na yeye hakujua kujizuia akikuona unakwenda pwani. Wakati wa kusi nilimshonea koti la kitambaa cha merikani. Ami Lali aliuliza kama kuna na kofia yake.

Na uliyafanya yote hayo bila kuivunja sheria, jambo ambalo watu hawakulitarajia. Mwalimu wa msikiti alikuruhusu umfuge kwa ajili ya kulinda vyombo vya kazi, si kwa mchezo, na wewe ulishika neno lake. Mlango wa nyumba hakuupita. Chombo chake kilikuwa kifuu chake peke yake. Ulimgusa akiwa mkavu na mkono wako mkavu, ukisema ukavu kwa ukavu hauna neno, na siku za mvua ulikaa mbali naye, yeye kona hii na wewe kona ile, mkitazamana. Akikulamba ulikwenda baharini ukaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Ulikwenda baharini kwa sababu ya Mama. Kisima chetu ni kidogo na ulipoosha kwa maji yake mara ya kwanza, alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mchu mzima, mtu wa ndevu nyeupe, anacheza na mbwa kisha ananimalizia maji!" Mikono yako ilipasuka kwa chumvi. Hukulalamika, na yeye hakuacha kusema.

Homa ilipokulaza chumba cha ndani hukuweza kumwona. Siku moja kabla hujaacha kusema, ulifumbua macho ukauliza, "Kala?"

Mama akadhani unaniuliza mimi, akakujibu, "Esha kala."

Ukasema, "Si Esha."

Mama alinigeukia. "Nenda kamtazame huyo ndugu yako," akasema. Nikaenda.

Maziko sikuyaona, sisi wanawake tulibaki nyumbani. Nakueleza kama alivyonieleza Ami Lali, naye hana sababu ya kumpamba mbwa. Alisema Ngamia alitoka bandani jeneza lilipopita, akafuata nyuma ya mtu wa mwisho, mbali kidogo. Walipobadilishana mabega alisimama. Walipoendelea aliendelea. Makaburini alibaki nje ya ukuta. Hakuna aliyemrushia jiwe.

Kisha akagoma kula. Nilimpelekea changu, nikampelekea mchuzi usio chumvi, nikapasha moto, nikakaa mbele yake nikimbembeleza kama mtoto. Alinitazama tu. Mbavu zikaanza kuhesabika. Mwishowe nilikumbuka kwamba wewe hukuwahi kumtazama akila. Uliweka kifuu nyuma yako, ukaendelea na kazi. Nikakaa juu ya gogo lako, nikampa mgongo, nikasuka mkeka. Baada ya kitambo nikasikia kifuu kikisukumwa mchangani.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mirathi iligawanywa kwa haki. Mama alipata sehemu yake na mimi yangu, na vyombo vya kazi vikamwangukia Ami Lali: tezo, misumeno, randa, keekee. Alivihamishia kwake kwa sababu wanawe ndio mafundi, na huku vingeliwa na kutu. Simlaumu, nawe usimlaumu. Lakini siku ile alipobeba cha mwisho, alirudi akakaa ukumbini kwetu, akaniita.

"Esha mwanangu, mimi sina chuki na mbwa. Lakini Kaka aliruhusiwa kwa ajili ya vyombo. Vyombo havipo. Banda li tupu. Huyu analinda nini sasa? Hewa?"

Nikasema, "Anabweka, Ami."

"Na kunguru nao wana kelele, mbona hatuwafugi?"

Alisema chombo chake kinavuka kwenda bara kukata boriti, na watamshusha huko. Alilisema kwa upole. Bara kuna fisi, Baba. Ngamia ana uzito wa kuku. Na alichosema kilikuwa kweli. Wewe mwenyewe ungemwambia ni kweli.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, anasuka mkeka. Tulikuwa tukiusikia ukindu ukipita vidoleni mwake. Sauti hiyo ikakatika.

"Shemeji," akasema.

"Labeka, shemeji."

"Ukindu wangu nilioanika uani, unaliwa na mbuzi wa nani?"

Ami akajikuna ndevu. "Wangu."

"Juzi wamekula fungu zima nililokwisha kulitia rangi. Nyumbani sina nafasi. Leo Esha atauhamishia wote bandani. Banda lile mlango wake mbovu, na beberu lako halibishi hodi. Nani ataulinda?"

"Shemeji, mbwa yule akikutana na beberu langu, ni beberu litakalomlinda yeye."

"Amekwisha kulifukuza."

"Nani kaona?"

"Mimi."

"Umeona wapi nawe hutoki?"

"Sikuona. Nilimsikia mbuzi."

Ami Lali hakutaka kucheka, akacheka. Kisha akasema atamwuliza Mwalimu, kwa kuwa yeye si mtu wa kuachia jambo la dini likae hivi hivi. Alikwenda baada ya alasiri. Aliporudi alisimama nje tu, akasema, "Mali ni mali, iwe tezo iwe ukindu. Ndivyo alivyosema." Akaondoka kwenda kuwaambia watu wa chombo kwamba hakuna abiria.

Nilipoingia nyuma ya pazia kubeba ukindu, nilidhani Mama atasema neno juu ya mbwa. Alinionyesha mafungu kwa kidole, hili la mkeka wa kuswalia, hili la majamvi. Halafu akagusa fungu moja la ukindu mchanga, laini, ambalo nilijua amelichagua mwenyewe kabla hujaugua.

"Hili limeharibika," akasema. "Litandike chini, pembeni, pasipopita upepo. Sitalitumia."

Nililigeuza mkononi. Halikuwa na doa. Nikalitandika kama alivyosema, na Ngamia akazunguka juu yake mara nyingi kabla hajalala, kama anavyofanya.

Sasa nashinda bandani. Nasuka, yeye analala kwenye ukindu wake, mbuzi wakipita mlangoni anatoka na kelele zake zote anawafukuza mpaka kwenye mpaka wa Ami Lali, kisha anarudi akitembea polepole ili nimwone. Mdomo wake umeanza kuingia mvi. Chakula chake nakipika kabla ya chetu. Akinilamba nakwenda baharini, na nimeanza kupasuka vidole mahali pale pale ulipokuwa umepasuka wewe. Mama amesema eda ikiisha atapita bandani, kuutazama ukindu.

Usingizi mwema, Baba. Mola akupanulie kaburi lako, akutie nuru. Sikuahidi kwamba Ngamia ataishi sana, kwa sababu hilo si langu. Nakuahidi kwamba havuki bahari maadamu nina mikono ya kusuka. Na ukindu ukiisha, nitatafuta kitu kingine cha kulindwa.

Binti yako,
Esha