Baba, Mama Ameshika Kibodi

Baba,

Mwangaluka. Naanza na salamu kwa sababu ulikuwa hunisikilizi nisipokusalimia kwanza, hata ukikuta wateja wamejaa mpaka mlangoni. Ni mimi Minza, binti yako wa steshenari ya Bariadi. Nakuandikia kwa kibodi yako ileile, ambayo herufi zake ulizifuta kwa vidole. Mausi nimeichomoa nikaifungia kabatini, ili barua hii niiandike vile unavyopenda wewe.

Nyumbani hatujambo. Pamba mwaka huu imefunga vizuri. Yule ng'ombe wako mwekundu mkorofi amezaa ndama jike, na ukorofi wote kamrithisha. Wajukuu wanagombania kofia yako. Tangu tulipokuzika nimekuwa nikisubiri habari njema ya kukuandikia, maana habari za vilio hukuwa unazipenda. Leo ninayo, na inamhusu Mama. Lakini niache nianzie mbali kidogo, kama ulivyokuwa unafanya wewe hadi chai inapoa.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja dukani kutafuta habari za mvua? Ulikuwa umetoka nyumbani Lagangabilili na vumbi lote la njiani. Simu yangu ilikataa kidole chako. Uligusa, ukagusa tena, ukakipangusa kwenye suruali, kioo kimya. Sugu za jembe zilikuwa nene kiasi kwamba simu haikujua kama imeguswa na mtu. Nikakupa mausi. Ukaikamata kama unakamata kuku anayetaka kukimbia, mshale ukapotelea kwenye kona ya kioo, nawe ukainama kuutafuta chini ya meza. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Hukukasirika. Ulisema tu, "Hiki kidude hakina mpini. Nipe kitu cha kugonga."

Ndipo nilipokufundisha kutembea mtandaoni kwa batani. Tab ya kuruka kutoka kiungo hiki kwenda kingine, Shift na Tab kurudi nyuma, Enta kuingia, na ile batani ndefu ya chini kuteremsha ukurasa. Baba, ulizipenda! Ulizigonga kwa mdundo wa bugobogobo, ngoma yenu ya majembe, mguu ukipiga sakafu, hadi mdundo ukakupitisha pale ulipotaka kushuka. Ulikwenda kutafuta mvua, ukafungua tangazo la magodoro. "Ngoma imenipeleka mbele," ulisema, ukarudi nyuma taratibu bila kuona haya.

Kilichokutoa jasho ni Kontroli. Kontroli na L, ili ufike pale juu panapoandikwa anwani. Wewe uliyezoea kulima kwenye mstari, majembe yote yakipanda pamoja na kushuka pamoja, ulizishusha zote mbili kwa mpigo mmoja. Kazi yako yote ikawa kuandika L, L, L. Nilieleza hadi sauti ikakauka. Halafu siku moja ukaniuliza, "Kwani humu ndani manju ni nani?" Nikakwambia manju ni Kontroli. Yeye ndiye anayetangulia kuimba, anashikilia, wengine wanaitikia, na hanyamazi mpaka waitikie. Uso wako ukafunguka, ukaangua kile kicheko chako cha kifuani. Hukukosea tena, na vijana waliokuja kuomba nafasi za vyuo wakakubatiza Mzee Manju.

Kuliko zote ulipenda ile ya kurudisha ukurasa uliofungwa kwa bahati mbaya. Kontroli, Shift, T. Ulikuwa unazifunga kurasa makusudi ili uzirudishe, halafu unanitazama kwa majivuno. Wiki ile ya msiba nilikuja dukani peke yangu, nikazibonyeza batani hizo tatu huku mashine yenyewe haijawashwa. Nililia sana, Baba. Basi, hilo nimelisema, tuendelee.

Aliyenitia hofu ni Mama. Tangu uondoke aliacha kuimba. Sauti ile, iliyokuwa inawaitikia ninyi wacheza majembe mpaka watu wa kijiji cha pili wanajua mko shambani, ikazimika kabisa. Alikuwa anapika, anapalilia, anajibu salamu, basi. Wenzenu wa kikundi walikuja kumwomba arudi, akawapa viti na karanga, wakaondoka bila jibu. Dukani kwangu hakukanyaga, kisa kiti chako. Nilianza kuogopa kwamba siku ile tulizika watu wawili.

Sasa sikiliza. Juzi juzi kijana mmoja wa kikundi chenu kaweka mtandaoni video ya mashindano ya Kiloleli, yale uliyocheza na fulana nyekundu. Habari zikamfikia Mama sokoni. Kesho yake asubuhi namwona mlangoni, kajifunga kanga mpya kama anakwenda kanisani. Hata hali hakunijulia. "Minza, nasikia baba yako yumo humo anacheza." Nikatoa simu. Akaikataa, eti hawezi kukutazama ukiwa kifaranga kiganjani mwangu. Nikavuta mausi. Akanipiga kofi dogo la mkononi. "Baba yako alikuwa anakwenda mwenyewe. Na mimi nitakwenda mwenyewe." Kisha akavuta kiti chako, akakaa.

Na alikosea palepale ulipokosea wewe! L, L, L. Nilifungua mdomo nimsaidie, akaninyamazisha kwa jicho. Halafu akasema polepole, peke yake, "Manju kwanza." Kumbe ulikuwa unamsimulia nyumbani, masomo yangu yote. Akaishikilia Kontroli kwa kidole cha kushoto, akagonga L kwa cha kulia, akafika. Maneno ya kutafuta nilimwonyesha herufi moja moja, kwa sababu nusu yazo ulishazifuta wewe. Baada ya hapo ni Tab, Tab, Tab, akapitiliza, akaguna, akarudi kwa Shift. Enta.

Ukatokea. Fulana nyekundu, njuga miguuni, kifua mbele, unajidai kama kawaida yako. Wateja waliokuwa wanasubiri fotokopi wakaja kusimama nyuma yetu. Ukarusha jembe juu, ukazunguka, na kabla hujalidaka Mama akagonga ile batani ndefu. Ukasimama hapohapo, jembe hewani, mikono wazi, meno yote nje. Nilidhani ameshindwa kuvumilia, nikaanza kutafuta neno la kumwambia. Lakini yeye alikuwa kainamisha kichwa upande, vile alivyokuwa anakutazama ukichelewa kurudi.

"Mwoneni," akasema. "Siku hiyo alilidondosha."

Hukuwahi kutuambia watoto wako, Baba. Ulirudi nyumbani na kuku wa zawadi na majigambo ya wiki nzima. Mama akagonga tena, jembe likashuka, likapita katikati ya mikono yako, likaanguka vumbini. Na kabla watu hawajapata nafasi ya kukucheka, sauti ya Mama ikapanda kutoka kwenye spika, kali, inaitikia mahali ambapo hapakuwa na kuitikia. Kikundi kizima kikaifuata, nawe ukaliokota jembe kana kwamba ndivyo mlivyopanga. Alikufunika, Baba. Na pale kwenye kiti chako, huku machozi yanamtoka na anacheka, Mama akafungua mdomo akaimba pamoja na sauti yake mwenyewe. Nilimshika bega ili nihakikishe ni yeye.

Halafu akaniuliza batani ya kurudisha nyuma ni ipi. Nikamwonyesha mshale wa kushoto. Amekudondoshesha jembe asubuhi nzima, wateja wamecheka hadi wamesahau fotokopi zao. Jumamosi anarudi kikundini.

Nakuahidi mausi itabaki kabatini kila Mama akija, na kiti ni chake, hata duka likijaa. Nakuahidi pia kwamba siri ya Kiloleli haitatoka Bariadi, ingawa hapo nimechelewa kidogo, maana wateja wameshafika nayo sokoni. Wabeja, Baba, asante kwa yote. Pumzika. Na kama huko uliko mnacheza, rusha jembe juu unavyotaka. Likikuponyoka, Mama ameshaanza kuimba.

Binti yako,
Minza