Mafuta ya Mgiriki

Ifakara,
21 Julai 1957

Kwa kaka yangu mpendwa Leodegar,

Shikamoo kaka. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na ninatumaini kwamba wewe, wifi Klementina na watoto hamjambo huko Tanga, na kwamba kile kikohozi kilichokushika wakati wa masika kimekwisha. Huku kwetu mvua zimekatika, mto umerudi mahali pake, na mpunga wa bondeni tumemaliza kuuvuna. Ndege wamechukua sehemu yao na sisi tumebaki na yetu. Kaburi la mama limekauka vizuri na msalaba umesimama wima.

Barua yako niliipata Jumamosi kwa basi la Kilosa, nikaisoma mara tatu. Unasema Shangazi Verediana amekuandikia kwamba mama hakufa kifo chake, bali shemeji yetu Hermenegildi alimlisha mafuta ya mpako, yale ambayo padre huwapaka watu wanaokufa, mpaka roho ikamtoka. Unasema ukoo unataka Hermenegildi afukuzwe katika kiwanja chetu na mdogo wetu Serafina atenganishwe naye, na kwamba wanangoja neno lako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Mwishoni umesema kwamba mimi nilikuwa ndani ya nyumba siku zote, kwa hiyo nitakalosema ndilo utakalolifuata. Basi nitasema. Ila nitaanza mwanzo, maana wewe shemeji yako humfahamu. Ulimwona siku ya harusi tu, na siku ya harusi kila mwanaume anapendeza.

Huyu bwana alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Kilosa, miaka tisa. Mwaka jana Mgiriki aliuza shamba akarudi kwao, akamwachia mpishi wake barua ya kumsifu, aproni mbili na madebe manne ya mafuta. Nilikwenda kuwapokea stendi. Kaka, mizigo ya Serafina ilikuwa imefungwa juu ya basi inapigwa na vumbi, na mwanaume ameketi ndani, amepakata madebe. Hapo hapo nilimjua ni mtu wa namna gani.

Tuliwapa kijumba cha nyuma mpaka watakapojenga. Kulima hajui. Jembe analishika kwa ncha za vidole, anachimba hatua mbili na kusimama kuangalia mbingu. Lakini jikoni, huko utamkuta asubuhi na jioni, mwanaume mzima mwenye ndevu, amekalia kigoda changu na aproni yake kiunoni, anakatakata vitunguu na kuvikagua kimoja kimoja. Majirani walikuja kutazama. Wengine walijifanya wamekuja kuomba moto.

Na vyakula vyenyewe, kama ungevikuta njiani ungevipita. Alichukua majani machanga ya maboga, akaweka mchele mbichi katikati, akakunja, akapanga katika sufuria kama mtu anayepanga nguo sandukuni, halafu akapika. Nikamuuliza mchele wa Ifakara umekosa nini hata ufichwe, akasema kwa Mgiriki hiki ni chakula cha wageni. Alichukua maziwa yangu ya mgando, akayafunga katika kitambaa akayaning'iniza jikoni kutwa nzima yakidondoka maji, kisha akayachanganya na tango na kitunguu saumu. Maziwa, kaka, na kitunguu saumu. Siku nyingine alikata nyanya na vitunguu vibichi, akavimwagia mafuta yake, akaketi kula bila kupika kitu. Nilimwambia Serafina kwamba mbuzi wetu nao wanakula hivyo na hawakuhitaji kwenda Kilosa kufundishwa.

Hata samaki hakumwacha. Perege mzuri kutoka Kivukoni, mtu mwenye akili anamkaanga au anamchemsha, basi. Yeye alimlaza juu ya vitunguu na nyanya, akamnywesha yale mafuta, akafunika sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko. Akatuambia hiyo inaitwa plaki. Kila kitu kina jina, na kila jina analitamka kwa kufumba macho. Sisi tuliolelewa kwa wali na kambale wa kukausha tulionekana kwake watu ambao hawajawahi kula.

Pasaka ilipopita mama akaugua. Hayo unayajua, nilikuandikia. Daktari alisema homa imekwisha ila mwili umebaki mtupu, na kinachotakiwa ni kula tu. Kazi hiyo niliona ni yangu. Tangu nilipofiwa na mume wangu nikarudi nyumbani, miaka kumi na mmoja, hakuna mwingine aliyempikia mama. Nilimpikia uji wa ulezi, akaonja akaurudisha. Nilimpikia wali laini na mchuzi wa perege, akageuza uso. Nilimpelekea ndizi za kuponda, viazi, mchuzi wa kuku, na kila sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo Hermenegildi alipoleta supu yake. Jina lake ni avugolemono, refu kama jina la dawa, na rangi yake ni kama maji yaliyonawiwa. Anachemsha kuku, na kuku wenyewe ni wangu, anatia mchele kidogo, anapiga mayai mabichi pamoja na ndimu, anayamimina humo, na juu anaweka kijiko cha mafuta ya Mgiriki. Nilipoiona nilicheka. Kwa kuwa mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake, alifika na bakuli mpaka kizingitini, akaliweka chini, akakohoa, akaondoka. Serafina ndiye aliyeliingiza.

Mama alimaliza bakuli. Kesho yake akamaliza tena, na kesho kutwa akauliza mbona limechelewa. Wiki tatu alikunywa uchafu ule asubuhi na jioni. Mashavu yalirudi. Alitoka nje kuota jua, akaomba ukindu, akaanza kusuka ukili wa mkeka. Hiyo ndiyo barua niliyokuandikia mwezi wa Mei nikikwambia kwamba mama anapona. Utakumbuka kwamba sikukuandikia anapona kwa chakula cha nani.

Kaka, sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia padre wala mtu mwingine mpaka wiki hii.

Siku Hermenegildi alipofika na madebe yake aliniambia kwa majivuno kwamba ni mafuta ya zeituni. Neno hilo lilinishtua, maana mimi zeituni nilikuwa nimelisikia kanisani tu. Jumapili nikamwendea katekista Kelestini nikamuuliza kama si dhambi kukaangia samaki mafuta hayo. Alicheka. Akanieleza kwamba mafuta ambayo askofu hajayabariki ni mafuta tu, kama vile unga wa mashine si hostia, na kwamba huko kwa Wagiriki watu wanayapaka hata kwenye bawaba za milango. Nilielewa vizuri. Nataka ujue kwamba nilielewa.

Basi asubuhi moja nilimpelekea mama uji wangu, nilioupika kwa uangalifu sana kwa kuwa nilidhani sasa tumbo limefunguka. Mama, kwa upole wake, akaniambia niuache tu, anangoja cha Hermenegildi. Hakusema vibaya. Ni mimi niliyesikia vibaya. Nikamuuliza kama anajua anachokula. Nikamwambia yale ni mafuta ya zeituni, ndiyo yale yale padre anayowapaka wanaotuaga, na kwamba ameyala tangu siku ya kwanza. Nilitaka aone kinyaa, amrudishie yule bwana bakuli lake mara moja tu, nami nione uso wake. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Mama hakuona kinyaa. Aliuweka chini ukindu, akaniuliza ni nani aliyeagiza, padre au daktari. Alikuwa ameelewa kwamba sisi sote tunajua anakufa, tumeamua kumficha, na tunampa mpako kidogo kidogo ndani ya supu ili asiogope. Ningeweza kumjibu pale pale. Nilinyamaza, kwa sababu kumjibu ilikuwa kukiri kwamba mafuta ni mafuta na supu ni supu, tena ni nzuri. Kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndilo jibu.

Tangu siku hiyo hakuonja kitu. Alisema mtu aliyekwisha kupakwa hana haja ya kuwasumbua wapishi. Serafina alilia mlangoni, Hermenegildi alibadilisha kuku, akapunguza ndimu, akaongeza ndimu, na bakuli lilirudi limejaa. Mama alimwita Shangazi Verediana akamgawia kanga zake na ile sufuria kubwa, akamweleza kwamba amepata mpako kwa njia ya chakula na moyo wake umetulia. Kwa hiyo Shangazi hakutunga. Alichokuandikia alikisikia kwa mama, na mama alikisikia kwangu.

Siku ya nne niliogopa. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kwamba nimesema uongo, nikamrudia maneno yote ya katekista. Alinitazama kwa huruma. Akasema kwamba mimi nami sasa naanza kuwa kama wengine, namficha, na nisijisumbue. Kisha akanishika mkono akanishukuru kwamba katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyemwambia ukweli. Alinishukuru, kaka. Alifariki siku ya tisa. Padre alipokuja kumpaka, mama alimnong'oneza kwamba hii ni mara ya pili, na padre akadhani ni homa inayosema.

Msibani, Shangazi aliponyoosha kidole nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Wote walinigeukia mimi niliyekuwa muuguzi. Niliinamisha kichwa, na wao wakaona nimekubali. Tangu siku hiyo watu hawaombi moto tena kijumba cha nyuma. Hermenegildi alikwenda Kivukoni kuuza samaki wa kukaanga, akarudi na sinia lake kama alivyoondoka nalo. Siku hizi hapiki. Serafina anachemsha muhogo, wanakula wakiwa wamefunga mlango.

Umeniuliza nini kilimuua mama. Daktari alisema akila ataishi, naye alikuwa anakula, nikamzuia mimi. Nilimwonea wivu mpishi. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kitabu cha sala na shule ya misheni, nilishindana na bakuli la supu.

Kwa hiyo neno langu ni hili: Hermenegildi asifukuzwe na Serafina asitenganishwe na mume wake. Njoo mwenyewe, wakusanye wote, uisome barua hii mbele yao kuanzia mwanzo, usiruke mahali hata kama nimejiaibisha. Usiwaambie kwamba mama alikuwa mzee, wala kwamba mjane ana mawazo mengi. Ikiwa ukoo unaona lazima mtu atoke katika kiwanja hiki, mimi nimekwisha kufunga mizigo yangu, nawe utanikuta nimekaa juu yake.

Na wala usidhani kwamba nimeanza kumpenda yule bwana. Jembe bado hajui, aproni bado anavaa, na maziwa yenye kitunguu saumu nitayadharau mpaka nami nizikwe. Lakini mtu hafukuzwi kwa sababu Apolonia hapendi maziwa yake.

Jana alasiri, kabla ya kuibandika bahasha, niliwaita wote wawili nikawasomea yote haya. Serafina alisimama akatoka, na mpaka saa hii hajanisemesha. Ana haki. Hermenegildi alibaki ameketi akitazama mikono yake. Nilingoja anitukane. Aliuliza jambo moja tu, kama mama aliwahi kusema kwamba supu ni tamu, kwa kuwa alikuwa akiiacha mlangoni na kuondoka, na Serafina alikuwa akimwambia imeliwa tu. Nikamwambia kwamba mama alikuwa analamba kijiko mbele na nyuma, kisha anapitisha kidole ndani ya bakuli, na kwamba katika miaka kumi na mmoja bakuli langu hakuwahi kulifanyia hivyo.

Nisalimie sana wifi Klementina, na watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Waambie shangazi yao anawakumbuka, mengine utawaeleza wakikua. Wasalimie pia watu wa kwetu walioko huko bandarini wanaoniulizia. Usafiri salama, na basi la Kilosa upande la asubuhi, maana la mchana linajaa vumbi.

Ni mimi dada yako,
Apolonia