Chupa Kwenye Kikapu cha Asali

Jumatatu, 6 Juni 1977

Nimekojoa! Yaani si mimi, ni mpira – lakini nafuu ni yangu yote. Tangu juzi mchana hata tone. Tumbo limekaza kama ngoma. Njia nzima kutoka Makere hadi hapa Kasulu, juu ya lori la mahindi, nilitukana kila shimo. Katekista mzima! Mungu anisamehe. Nesi Mwajabu akapitisha mpira, nikafumba macho, mara nikasikia beseni linalia. Nikalia na mimi. Sikuona haya hata kidogo.

Daktari anasema tezi iliyo chini ya kibofu imevimba, imebana njia. Mpira ukae wiki mbili. Tarehe 20 watautoa, waone. Nikikojoa mwenyewe, basi, nimepona. Nisipokojoa unarudishwa, na nitangoja daktari wa kupasua. Atakuja lini? Hakuna ajuaye.

Alhamisi, 9 Juni

Nyumbani. Masharti: maji mengi, mpira usikunjike, chupa iwe chini ya kibofu siku zote. Chupa ni ya dripu. Naitembeza kwenye kikapu kidogo cha mke wangu, Immakulata, nimekifunika kitambaa. Suruali imenishinda, navaa msuli. Abdalah wa dukani kaniuliza kama nimesilimu.

Lakini usingizi! Miezi minane nilikuwa naamka mara sita. Jana nimelala mpaka jogoo kachoka kuwika.

Jumapili, 12 Juni

Barua kutoka Kibondo. Wakwe wanakuja Jumamosi kumposa Esteri wetu. Kijana ni mzuri, sina neno. Ila baba yake, mzee Hatungimana, tutakaa uso kwa uso kwenye mtungi wa pombe, mrija kwa mrija. Mwenye nyumba huonja kwanza, na haondoki mpaka mtungi uishe. Na chupa yangu? Mkwe ni mtu ambaye mbele yake hata chafya unaiombea radhi!

Immakulata anasema nimwambie ukweli. Nikasema bora nife. Akasema wiki iliyopita nilikuwa nakufa, nilionaje? Huyu mwanamke!

Jumanne, 14 Juni

Sina hamu ya kuandika. Nimejaribu kukaa kwenye kigoda na kikapu. Esteri anasema hakionekani kitu. Hajui kudanganya.

Jumamosi, 18 Juni

Wamekuja sita. Nikakaa kigodani, kikapu mguuni, msuli umefunika kila kitu. Nikaonja pombe kidogo sana, kisha nikawa nashika mrija bila kuvuta. Mambo yakaenda vizuri. Vizuri mno. Hatungimana akawa anakitupia kikapu jicho. Mara akasema, "Mwaka huu nyuki wamejitahidi, mkwe." Nikaitika, "Ego, wamejitahidi." Nilidhani ni mazungumzo tu!

Kumbe kwao zawadi ya mkwe haitajwi. Huwekwa imefunikwa miguuni pa mwenye nyumba, mgeni anaisifia kwa mbali, na wakati wa kuaga anaichukua mwenyewe. Msimu wa kurina asali, kikapu kimefunikwa – angewaza nini kingine? Akainama, akakinyanyua kwa mikono miwili, akashukuru, akaanza kuondoka nacho.

Nilipiga yowe. Nikamfuata hatua tatu kama mbuzi wa kamba. "Weka chini, mkwe! Ni mkojo wangu!" Mbele ya wageni wote na binti yangu.

Dada yake Hatungimana akaangua kicheko, na mimi sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka mpira ukauma. Siku sita nimejitesa, sijui nilikuwa naogopa nini! Posa imekubaliwa.

Wenzake walipotoka, Hatungimana akarudi, akaketi karibu nami. "Mbabarira, mkwe, nisamehe. Lakini huo mpira... walikutia wapi?" Mwenyewe husimama nyuma ya nyumba kama mtu anayengoja lori, anapata matone mawili. Mwaka wa pili huu. Hata mkewe hajui. Nikamwambia asirudi Kibondo kwanza, Jumatatu twende wote.

Jumatatu, 20 Juni

Hospitali, benchi la nje. Saa tatu mpira umetoka. Nimekunywa birika zima la maji.

Saa tano. Bado. Nesi Mwajabu kapita, kanitazama tu. Mpira mpya uko mezani kwake, nimeuona.

Saa sita u nusu. Bado. Naogopa, nakiri. Hatungimana haachi kuniuliza kama nasikia kitu.

Saa saba. Nesi kaita jina la Hatungimana. Hajasimama. Kanishika mkono wa kushoto – mkwe, kunishika mkono! – anasema kama ni kuingia tuingie wote, la sivyo anarudi Kibondo kwa miguu. Nimemdanganya kwamba hauumi. Halafu nimeona aibu, nikasema kweli: unauma kidogo, kisha raha yake huwezi kumsimulia mtu. Bado kaning'ang'ania. Naandika kwa mkono uliobaki, daftari gotini, na sasa – jamani! – huko chini kunachoma, kunasukuma, kunakuja kwenyewe! Choo kiko nyuma ya jengo. Nesi anaita mara ya pili. Mkwe ananibana zaidi, anasema twende, mimi –